Mafuta ni Mwiko

Niulizeni mimi habari za wifi yangu, msiwaulize majirani. Majirani watawaambia alikuwa mwanamke mpole, hana neno na mtu, na kwamba alionewa. Ni kweli alionewa. Aliyemwonea ni mimi, kwa hiyo habari zake ninazo kamili.

Alikuwa karani wa posta, dirisha la vifurushi. Miaka kumi na minne alikaa nyuma ya kioo kile: anapokea mzigo, anauweka kwenye mizani, anasoma, anaandika kibandiko, anabandika. Mteja akileta kifurushi cha kilo mbili na kuapa kwamba ni kilo moja, yeye hagombani. Anaigeuza mizani imtazame mteja, basi, ajisomee mwenyewe. Nyumbani alikuwa vilevile. Ungemchokoza asubuhi hadi jioni usipate jibu, na mimi, haki ya nani, hakuna kitu kinachonikera kama mtu asiyejibu.

Mimi nilikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni. Vinywa mia mbili na arobaini kila siku ya kazi, na sikuwahi kupima kitu kwa chombo kingine zaidi ya mwiko wangu. Mwiko wa mti, kichwa kipana kama kiganja, umekolea mafuta mpaka umekuwa mweusi. Mume wangu alipofariki nilihamia kwa mdogo wangu wa kiume, chumba cha nyuma. Watu walisema nimehamia kwao. Thubutu! Mimi nilirudi kwangu. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na sita, mdogo wangu ana mitano, na kila alichokula mpaka akaota ndevu kilitoka kwenye sufuria yangu. Sasa nafika, nakuta jikoni kuna mtu mwingine, anapika chakula cha wastani, chumvi ya wastani, na mdogo wangu anakula na kushukuru.

Mdogo wangu walimwita Popo. Alikuwa fundi rangi wa maghorofa, wale wanaoshuka ukutani kwa kamba wamekalia ubao, miguu inaning'inia, ndoo ya rangi imefungwa ubavuni. Hakuna alichokipenda duniani kama kazi ile. Ukimuuliza huko juu kuna nini, anajibu, "Dada, huko hakuna mtu wa kunisukuma." Chini alikuwa mtu wa kawaida tu, mnene, mwepesi wa kucheka. Akiwa juu, watu walisimama barabarani kumtazama.

Basi ule ubao una kibati kimepigiliwa pembeni: mwisho kilo mia moja na ishirini. Ndoo, brashi, mkanda na vikorokoro vingine ni kilo ishirini, kwa hiyo mtu mwenyewe mwisho mia. Miaka yote hakuna aliyekisoma kile kibati, mpaka kampuni ikaleta msimamizi mpya wa usalama, bwana mmoja mkavu mwenye kalamu tatu mfukoni, akawapandisha wote kwenye mizani. Popo akasoma mia na kumi na mbili. Akapewa miezi minne. Akifika mia, anarudi kwenye kamba. Mpaka hapo akae chini akoroge rangi, na asipofika, atabaki hukohuko chini na kamba yake atapewa mwingine.

Wakaenda kliniki, yeye na mkewe. Mama wa lishe akamwambia, "Baba, kuanzia leo mafuta kwako ni mwiko." Popo akarudi anacheka kuanzia mlangoni.

"Dada, nimepona! Nimeruhusiwa mafuta. Mwiko mmoja!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkewe hakucheka. Alisema, "Amesema ni mwiko. Hakusema mwiko mmoja." Kama vile hatukuelewa! Mtu anayekufafanulia utani wako mwenyewe ni wa kuhurumiwa au wa kuchukiwa, na mimi huruma siku hiyo sikuwa nayo. Utani ule ukabaki kwetu. Ukimwona mtu anakaanga chochote unampigia kelele: mwiko mmoja tu!

Siku ya tatu wifi akaja na mizani. Posta walikuwa wameitupa kwa sababu sahani yake ilipasuka, lakini ilisoma sawasawa mpaka gramu, na ikimaliza kusoma inalia tii. Akaichomeka juu ya meza ya jikoni, palepale ninapoweka unga wangu.

Niseme ukweli, kazi aliifanya. Wengine wakiambiwa mtu apungue, wanamchemshia majani na kumwambia kula, ni dawa. Yeye alikataa. Alisema mtu ukimnyang'anya chakula anachokipenda atakwenda kukila kwingine, kwa hiyo Popo atakula vilevile alivyozoea, ila vimepita kwake kwanza. Vitunguu akavikaanga kwa kijiko cha chai cha mafuta, na kila vikitaka kuungua anavinyunyizia maji kidogo. Kuku akamvua ngozi. Viazi vya kukaanga, ambavyo Popo angeweza kuuza shati kwa ajili yake, akavichemsha nusu, akavikausha kwa kitambaa, akavipaka mafuta kwa brashi ya rangi, mpya, ya mumewe, na kuvitia kwenye oveni mpaka vikawa vinalia ukivitafuna. Wali akaupima kwa gramu, nusu ya sahani ikawa mboga. Maharage hakuyatia mafuta kabisa. Robo yake aliiponda na kuirudisha kwenye sufuria, mchuzi ukawa mzito wenyewe. Na mchuzi wowote, wa nyama au wa nini, aliupika jioni kwa ajili ya kesho yake. Anauacha upoe, anautia kwenye friji, na asubuhi mafuta yakiwa yameganda juu anayaondoa kwa kijiko kabla ya kwenda kazini.

Vya kwanza vilikuwa vibaya, tusidanganyane. Viazi vya wiki ya kwanza vilitoka kwenye oveni vimenyauka, nikavitazama nikauliza, "Hivi vimefiwa na nani?" Popo akacheka mpaka akapaliwa. Wali ulipoletwa nikauliza, "Wifi, hizi punje zina majina? Maana naona zinahesabika." Yeye anaandika kwenye daftari lake: moto mkali zaidi, dakika tano zaidi, ndimu nusu. Kesho anajaribu tena.

Na hapo ndipo nilipompa jina. Miaka tisa ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Kila mwanamke pale mtaani alikuwa mama fulani. Yeye peke yake aliitwa karani. Siku moja nimekaa nje na majirani, mizani ikalia tii huko jikoni, nikapaza sauti: "Mama Gramu! Kimbia, mwanao analia!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Yeye akafuta mikono, akaingia ndani kuizima. Kuanzia siku hiyo mtaa wote ulimwita Mama Gramu, hata waliompenda, na hawakukumbuka jina limetoka wapi. Mimi nilikumbuka.

Mwezi wa kwanza, kwenye mizani ya kliniki, Popo akasoma mia na nane. Mkewe akaiandika namba kwenye kibandiko cha posta, akakibandika mlangoni mwa friji. Na midomo ya watu ikaanza. Mtu akinenepa wanasema ana afya, amenawiri, mkewe anamtunza. Akikonda wanasema amepungua, na neno hilo husemwa kwa sauti ya chini. Shati lilimlegea Popo, mashavu yakaingia ndani. Wenzangu wa kantini wakaniuliza, "Dada, mdogo wako anaumwa nini?" Mwenye duka akaniuliza, "Hivi pale kwenu mnapika kweli?" Mimi! Ninayelisha watu mia mbili na arobaini, naulizwa kama kwetu tunapika! Iliniuma. Niliona kama nimevuliwa nguo sokoni.

Na kingine kiliniuma zaidi, sikumwambia mtu. Jioni moja Popo alimaliza sahani ya vile viazi vya oveni, akalamba vidole, akasema, "Mke wangu, hivi sasa vimevipita vya dada." Alikuwa anatania. Wote wawili walicheka, nami nikacheka.

Kesho yake nilitoka kantini na kopo la mafuta ya ng'ombe.

Wifi alikuwa na ratiba kama ya posta. Saa moja jioni anaepua sufuria ya kesho, anaiacha ipoe, anakwenda kuoga. Dakika kumi na tano. Mimi naingia, nachota mafuta kwa mwiko, nakoroga mpaka yayeyuke, nafunika, natoka. Nilikuwa nacheka peke yangu: si mama wa lishe mwenyewe alisema? Mwiko mmoja. Na msinielewe vibaya, sikutaka mdogo wangu aikose kamba yake. Nilitaka ashindwe kupungua kwa mkono wa yule mwanamke, halafu mimi ndiye nimpunguze. Kichwani mwangu hayo yalikuwa mambo mawili tofauti.

Mwezi wa pili akasoma mia na tano.

Sikuamini macho yangu. Mafuta yangu yanakwenda wapi? Nikaongeza ikawa miiko miwili. Shati likazidi kumlegea. Nikaanza kumwogopa yule mwanamke, nikidhani labda kuna kitu anamtilia.

Nikabadili njia. Yeye alitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, Popo saa moja. Ile saa moja ya katikati jiko lilikuwa langu. Nikakaanga mayai matatu, nikakaanga viazi, nikatumbukiza na mkate humohumo. Popo alisimama mlangoni amevaa buti, pua imemtangulia.

"Dada, hapana. Mke wangu akijua..."

"Nani atamwambia? Mimi?" Nikamsogezea kiti. "Kula, baba. Mtu haendi kazini na tumbo tupu kama ngoma."

Alikula amesimama, haraka haraka, macho yake yako kwenye dirisha. Akapangusa sahani kwa mkate, akapangusa mdomo kwa mkono, akasema, "Usimwambie." Siku ya pili alikaa. Siku ya tatu alinikuta bado nawasha jiko, na sahani ameishika mwenyewe. Nilifurahi jamani, sitaficha. Ilikuwa kama zamani, mimi na yeye na sufuria, hakuna mtu wa tatu.

Mwezi wa tatu mizani ya kliniki ilisoma mia na nne. Mama Gramu alibandika namba, akasimama mbele ya friji akihesabu kwa vidole. Kilo moja tu, na zimebaki nne. Akaanza kutembea na mumewe kila jioni akitoka kazini, viatu vya posta miguuni, wanazunguka mtaa mara tatu. Majirani waliwacheka. Mimi niliwapungia mkono.

Siku ya kupimwa ilifika. Popo aliondoka hajanywa hata maji. Nilipotoka kantini nilimkuta amerudi tangu saa sita mchana, amekaa kwenye kiti cha sebuleni na buti zake, rangi imemrukia mpaka kwenye kope. Mia na mbili. Pale kwenye mizani alivua viatu, akavua mkanda, akavua saa. Akaomba avue na suruali, msimamizi akamjibu mbele ya wote, "Baba, hakuna suruali ya kilo mbili." Kamba yake ikapewa mwenzake palepale, akaifunga mbele ya macho yake. Na wenzake wakambadilisha jina. Popo amefia hewani, walisema, sasa huyu ni Kuku. Alinieleza hayo yote bila kuinua kichwa. Nilimpikia nyama, akala.

Mkewe aliporudi jioni alisimama mlangoni, akamtazama, akajua.

"Miezi minne," Popo akaanza. "Miezi minne unanipimia wali kama dawa! Nimechekwa, nimelala na njaa, nimezungushwa mtaani kama mbuzi wa mnada. Kwa ajili ya nini? Hebu niambie, umenifanyia nini?"

"Si nilisema mimi?" nikadakia. "Kupima kwingi, kujua hakuna."

Mkewe aliingia chumbani, tukasikia anavuta kitu kutoka uvunguni. Akatoka amebeba ndoo ndogo ya rangi, ile ya lita tano, ya mumewe, imeoshwa, ina kifuniko. Kifuniko kizima kimejaa vibandiko vya posta. Akaiweka juu ya mizani, mizani ikalia tii, akabonyeza kupunguza uzito wa ndoo yenyewe. Kisha akaigeuza. Hakumgeuzia mumewe, alinigeuzia mimi.

Kilo nne na gramu mia mbili.

Akafunua. Mafuta ya ng'ombe, meupe, yamepangana tabaka kwa tabaka mpaka karibu na mdomo wa ndoo.

"Wifi," alisema, "mzigo huu ni wako. Mwanzoni nilidhani ni nyama ina mafuta, nikabadili nyama. Halafu siku moja nikapika maharage, asubuhi nakuta mafuta yameganda juu. Maharage hayana ng'ombe ndani."

Kumbe kila asubuhi! Mimi natia jioni, yeye anatoa asubuhi, anapima, anaandika tarehe, na wala hakuniangalia vibaya hata siku moja tukiwa mezani.

"Ulijua," Popo akasema taratibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ni dada yako. Amekulea. Nilisema nitayatoa tu kimyakimya, ufike mia, yaishe bila kumwaibisha mtu." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Na niliyatoa yote. Kwa hiyo zile kilo mbili hazikutoka kwenye sufuria yangu." Akamgeukia. "Mume wangu, asubuhi mimi nikishatoka, unakula nini?"

Popo akanitazama mimi. Nami nikamtazama, jicho lilelile nililokuwa namtolea akiwa mtoto, akivunja kitu na wageni wapo.

"Chai," alisema.

"Chai tu?"

"Chai kavu."

Mlango ulikuwa umefunguka, nikaingia. "Mmesikia? Chai kavu! Sasa kilo nne za mafuta zinafanya nini uvunguni kwako? Nani mpishi wa nyumba hii, si wewe? Mimi tangu uingize hiyo mizani yako nimeshagusa sufuria gani? Mtu anamtilia mumewe mafuta, yanayobaki anayaficha chumbani, akikamatwa eti ya wifi! Mdogo wangu, kikulacho ki nguoni mwako."

Lilikuwa neno la kijinga. Mtu anayetaka kufikiri angelipangua kwa swali moja. Lakini Popo hakutaka kufikiri. Asiposhika neno langu, itabidi aseme habari ya mayai, na akisema habari ya mayai, aliyemwangusha kwenye kamba atakuwa ni yeye mwenyewe. Akashika langu.

"Ondoka," akamwambia mkewe. "Chukua mizani yako uondoke."

Mama Gramu hakulia. Alimtazama tu, na najua alikuwa anangoja. Alimpa muda mrefu kabisa wa kusema. Popo akainama, akaanza kufungua kamba za buti. Basi akachomoa waya wa mizani, akauzungusha vizuri, akaingia chumbani akafunga nguo zake. Pale mlangoni aliniambia kitu kimoja.

"Ule mwiko uoshe kwa maji ya moto, wifi. Ndio uliokusema. Kila siku nilikuwa naukuta unanuka ng'ombe."

Nilishinda. Nilikaanga, nikaunga, nikamwaga mafuta bila kumwuliza mtu, na majirani wakasema Popo ameanza kunawiri tena. Yeye alikula tu. Daftari lilibaki kwenye droo ya vijiko; nadhani bila mizani aliona halina kazi. Nililifungua ili nicheke. Kulikuwa na mapishi yote, gramu kwa gramu, na pembeni vitu vidogo vidogo: "Amecheka." "Hakumaliza." "Viazi amependa, amesema vimevipita vya wifi. Nisivipike wifi akiwepo." Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa jioni ya kuamkia siku ya kupimwa. "Kesho 102, labda 101. Nikimnyima chakula cha jioni hii itakuwa 101. Amesema ana njaa. Nimempa." Nililifunga. Kicheko hakikuja.

Huu ni mwaka mmoja na nusu sasa. Popo hakorogi tena hata rangi, magoti yamekataa. Kilo mia na thelathini na moja. Anakaa dirishani na fimbo yake, anatazama jengo la ng'ambo, na wakishuka watu kwa kamba anageuza kiti. Mimi kantini wamenistaafisha, kwa hiyo tunatazamana kuanzia asubuhi. Mwezi uliopita alizimia chooni. Daktari alisema ni moyo, na kama hatapungua, mwaka mwingine hatauona. Tukapelekwa kwa mama wa lishe yuleyule. "Baba," akasema, "mafuta kwako ni mwiko." Safari hii hakuna aliyecheka.

Nilikwenda posta. Nilipanga foleni kama mtu yeyote, watu sita mbele yangu. Yupo palepale, nyuma ya kioo, mizani pembeni.

"Wifi," nikasema, "mdogo wangu anakufa. Rudi. Nitasema yote, nitapiga magoti mbele ya mtaa mzima."

"Unatuma nini?" aliniuliza.

"Wifi, nisikilize..."

"Hili ni dirisha la vifurushi, mama. Kama huna kifurushi, mpishe aliye nyuma yako."

Hakusema kwa hasira. Hata jina langu hakulitaja, aliniita mama, kama mteja. Nikampisha aliye nyuma yangu.

Basi nikarudi kwenye daftari. Nikanunua mizani ndogo, macho yangu hayaoni namba vizuri, nasogeza uso mpaka pua inagusa sahani. Nikajifunza kukaanga vitunguu kwa maji. Nikaponda maharage robo. Viazi vyangu vya kwanza vilitoka vimenyauka, Popo akavitazama akasema, "Hivi vimefiwa na nani?" na alikuwa hatanii. Jioni naepua sufuria ya kesho, naiacha ipoe, nakwenda kuoga.

Juzi nilipika maharage. Sikutia mafuta hata tone. Asubuhi nafungua friji, nafunua sufuria: juu pameganda tabaka jeupe, nene kama kidole.

Nilisimama pale mpaka baridi ya friji ikanipata mifupa. Kisha nikainama. Ile ndoo ya rangi sikuwahi kuitupa. Kila nilipoishika niliona zile tarehe kwenye kifuniko, nikairudisha chini kabisa ya friji, nyuma ya kabichi. Nikaitoa, nikaifunua. Ilikuwa zaidi ya nusu imekwisha. Mafuta yote aliyoyatoa yule mwanamke kwenye sufuria ya mumewe, asubuhi kwa asubuhi, yanachotwa yanarudi kulekule, na alama ya kuchotea ni pana kama kiganja. Nikautazama mwiko wangu msumarini. Ulikuwa unang'aa mafuta.

Nilimpelekea chai dirishani. Nikasimama mbele yake, nikamwuliza kwa sauti ya taratibu, sauti ambayo si yangu.

"Mdogo wangu. Mimi nikiwa naoga, unakula nini?"

Aliinua macho. Midomo yake ilikuwa bado ina mafuta.

"Chai," alisema.

"Chai tu?"

"Chai kavu, dada."